Fakta Nane za Damu ya Taratibu

Ubao ule ni wangu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wameukalia mpaka wanaona ni urithi wa babu zao. Ni ubao wa boti iliyozeeka, nimeulaza juu ya mawe mbele ya kibanda changu cha cherehani, hapa Buzebazeba, Kigoma, ili mteja anayekuja kupimwa suruali apate pa kukaa. Mteja gani atakaa? Kila jioni jua likishaelemea upande wa ziwa, Hamdani anatua birika lake la kahawa na kapu la kashata, anagonganisha vikombe, na kamati inatimia. Anakuja Redio, jina lake la kanisani Adolf, fundi wa injini za boti aliyestaafu, mtu anayejua habari zote nusu nusu. Anakuja Wakili, yaani Yakobo, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi, na tangu siku ile hajavua koti. Anakuja Papaa, muuza vitenge, Gasper kwa mama yake, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo na yeye mwenyewe hata boti inamtapisha, lakini mpaka leo anatuita "bandugu". Mimi ni Elikana. Wao wananiita Sindano kwa sababu ya kazi yangu. Mke wangu, Mama Diana, anasema ni kwa sababu ya mdomo.

Jioni hiyo Redio alikuja anahema, kofia mkononi, hata salamu hakutoa.

Redio: Jamani! Taratibu kesho anaonana na mbunge!

Papaa: Taratibu yupi?

Redio: Yewe! Taratibu wangapi hapa mtaani?

Ni mmoja tu. Ni Dismasi, fundi simu, ana meza yake kona ya pili kutoka kwangu. Jina la Taratibu tulimpa tangu mdogo, maana haruki mtaro, hachezi mpira, na akishuka ngazi utadhani amebeba trei la mayai. Ana ugonjwa wa damu. Akijikata, damu haikomi. Akijigonga, inavujia ndani kwa ndani, goti linajaa. Watu walisema anajidekeza. Mimi sikusema, kwa sababu ndiye ninayemshonea. Suruali zake nakata mguu wa kushoto mpana kuliko wa kulia, maana goti lile halijarudi saizi yake tangu akiwa shule. Juzi juzi alijigonga kwenye meza yake ya kazi, kidogo tu, mtu mwingine angesonya akaendelea. Yeye alipakiwa kwenye basi kwenda mji wa mbali, usiku kucha na mchana kutwa, mguu ameulaza mapajani mwa dada yake Bibiana, kwa kuwa dawa ya kuigandisha damu yake huku kwetu haipo. Huko alikofika akachomwa, akapona, halafu akaambiwa dawa yenyewe ni ya msaada, na msaada ukiisha umeisha. Niliposikia hivyo iliniuma sana, sikushona kitu siku nzima.

Mimi: Kaa kwanza, Redio, unywe kitu. Umeyapata wapi hayo?

Redio: Nimepita Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa. Bibiana yuko pale na wale wenzake wenye wagonjwa kama wake, wanajipanga. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mbunge atakuwa ukumbi wa kata kesho asubuhi, kabla hajaenda Dodoma kwenye bajeti. Wamepewa dakika kumi waombe dawa hiyo iwekewe fungu, ikae hapa hapa Kigoma. Ila kuna sharti.

Wakili: Sharti! Mimi nilijua. Sharti gani?

Redio: Wanatakiwa wawe na fakta nane.

Papaa: Nane?

Redio: Nane. Bibiana karudia mwenyewe: "Bila fakta nane, Dismasi hana dawa."

Wakili: Hiyo ni sheria, wala usishangae. Huwezi kwenda kwa mheshimiwa hivi hivi. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Mimi: Hiyo wanasemea rushwa, Wakili. Utawaponza.

Wakili: Fakta nayo ni mkono. Ni mkono wa mdomo.

Hamdani: Sasa mpaka hivi wamepata ngapi?

Redio: Hapo sikusikia. Kuna boti iliwasha injini.

Hamdani: Ndiyo redio yako ilivyo. Ikifika patamu, betri kwisha.

Papaa akajipigapiga mapajani, akasogea mbele ya ubao. Huyu akianza kusogea mbele ujue kahawa ya kwanza imeshampanda.

Papaa: Bandugu, sisi tumekaa hapa na akili zote hizi, mtoto wetu anakwenda kwa mbunge fakta hazijatimia. Si aibu? Tumkusanyie. Hamdani, panga vikombe hapa. Fakta moja, kikombe kimoja, tusijichanganye.

Hamdani: Vikombe vyangu ni vya kunywea, si vya semina.

Papaa: Hivyo si vichafu? Panga.

Hamdani akabinua midomo, lakini akavisogeza.

Redio: Ya kwanza rahisi. Damu yake haigandi.

Kikombe cha kwanza kikafudikizwa ubaoni: ko!

Papaa: Lakini hapo hapo mimi nina swali. Kama haigandi, kwa nini asiwekwe kwenye friji?

Mimi: Papaa.

Papaa: Sikiliza kwanza, usinishone mdomo. Mgebuka wa ziwani ukiuacha juani unaganda? Haugandi! Utie kwenye jokofu pale mwaloni, kesho unauvunja kwa nyundo. Dawa ya nini? Serikali inunue jokofu moja, Taratibu akae humo nusu saa.

Mimi: Akitoka humo atakuwa ameganda yeye, damu yake bado.

Papaa: Basi robo saa.

Wakili: Naomba kutoa taarifa.

Mimi: Nani kakupa nafasi?

Wakili: Taarifa haiombewi nafasi, soma kanuni. Ninyi mnapeleka shauri mahakama siyo. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Walisema, hawakusema?

Redio: Walisema.

Wakili: Ya Taratibu ni nzito?

Redio: Hapana, nyepesi.

Wakili: Nyepesi kama nini?

Redio: Kama... maji.

Wakili: Nimemaliza! Hili ni suala la Wizara ya Maji. Afya hawahusiki kabisa.

Hamdani: Basi ajiandae kupanga foleni na ndoo kama sisi.

Tulicheka mpaka kashata ikampalia Papaa, ikabidi apigwe mgongoni. Wakili hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha pili mwenyewe, akakifudikiza karibu na cha kwanza. Ukibishana naye atakuletea ya mbuzi yule wa mahakamani, na jua lilikuwa linashuka, tukamwachia.

Redio: Sasa nisikilizeni mimi niliyeshika spana. Binadamu ni injini. Damu ni oili. Injini ikivuja utaongeza oili mpaka lini? Tatizo gasketi! Nimefungua injini za boti tangu ujana wangu, nawaambieni kitu ninachokijua. Taratibu gasketi zake za magoti zimelika.

Mimi: Angalau wewe umegusa goti.

Redio: Weka kikombe, Hamdani. Na ya nne ninayo mimi hiyo hiyo. Huu ugonjwa unapita kwa mama, unamshika mtoto wa kiume. Bibiana ameeleza pale pale Kibirizi, nimesikia.

Papaa: Yaani mama haumwi, anapitisha tu?

Redio: Mara nyingi ndivyo.

Papaa: Kama gati. Mzigo unapita, gati linabaki limesimama.

Wakili: Ndiyo maana wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Hapo nilimkata. Kuna masihara na kuna masihara.

Mimi: Wakili, hiyo irudishe mfukoni. Mama yao, marehemu Yusta, alikaa miaka mingi akijilaumu, na majirani wakamsaidia kujilaumu. Mara amekula cha mwiko, mara amevunja mwiko. Yule mama hakukosea kitu. Alizaa kama wanavyozaa wengine. Ikae kwenye vikombe, sawa, kwa sababu ni kweli, lakini isiwekewe methali.

Wakili akaangalia viatu vyake, akasema "samahani, fundi", na Hamdani akaweka kikombe cha nne polepole, hata hakikulia. Akammiminia kila mmoja bila kuulizwa. Kahawa ya Kalinzi ile, ukiinywa hata ugomvi unaona aibu.

Papaa: Ya tano ninayo. Na hii nimeisikia kwa mtu aliyesoma. Ulaya huko, huu ulikuwa ugonjwa wa wafalme.

Redio: Acha fiksi.

Papaa: Wallahi! Wafalme watupu. Malkia alikuwa nao, akawapa wajukuu, wakaoana wao kwa wao, ukaenea majumba yote ya kifalme.

Wakili: Subiri, subiri, subiri. Ugonjwa unapita kwa ukoo?

Papaa: Kwa ukoo.

Wakili: Na ulikuwa wa kifalme?

Papaa: Wa kifalme.

Wakili: Kwa hiyo huyu Taratibu, anayetutengenezea simu hapa kwa bei ya kubembelezana, ni uzao wa Mwami!

Hamdani: Toba!

Wakili: Mimi nilishawahi kuona anavyokaa. Hakai kama mtu wa kawaida. Mguu mbele.

Mimi: Mguu mbele kwa sababu haukunjiki, Wakili!

Wakili: Wafalme wote hawakunji miguu. Kesho mbunge atasimama yeye, Taratibu atakaa. Itifaki.

Redio: Na kama ni Mwami, yale marekebisho ya simu yangu nilimlalamikia bure. Nilitakiwa nimpelekee ndizi.

Kikombe cha tano kikakaa. Na Hamdani, ambaye kazi yake ni kumimina, naye ikamwasha.

Hamdani: Ya sita yangu. Kahawa inafanya damu kuwa nzito.

Mimi: Biashara hiyo, Hamdani.

Hamdani: Biashara gani, nasema kweli! Muone Papaa. Anakunywa vikombe vingapi kwa siku? Damu yake ni nzito mpaka ukimpigia simu kumdai vitenge hasikii. Mbunge aambiwe: zao la mkoa, dawa ya mkoa. Wakulima wa Kalinzi watafurahi, wagonjwa watapona, mimi nitanunua birika jipya.

Papaa: Weka kikombe. Nimeipenda, ingawa nimetukanwa.

Vikawa sita. Redio akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Redio: Bado mbili. Na hatujagusa kitu ambacho mbunge anakielewa kuliko vyote.

Papaa: Kipi?

Redio: Kura. Hawa wagonjwa wako wangapi?

Mimi najua watatu: Taratibu mwenyewe, mtoto wa Esther kule Kalinzi, na Thobias wa Mwandiga, yule mwalimu anayetembelea fimbo. Wapo na wengine, lazima, ila wako majumbani wamefungiwa, wanaambiwa wamerogwa.

Mimi: Wachache. Ndiyo shida yenyewe. Malaria kila nyumba, kila mbunge ameugua. Hii nani ameiona? Fungu la fedha linawapita juu ya vichwa kwa sababu hakuna wa kulivuta chini.

Papaa: Tuseme wako elfu kumi.

Mimi: Tuseme uongo?

Papaa: Si uongo, ni makadirio.

Wakili: Msihangaike. Kama ni wachache, jibu lipo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kwa hiyo unataka wagonjwa waongezeke?

Wakili: Mimi sijasema hivyo!

Redio: Methali imesema hivyo.

Wakili: Basi methali ijibu yenyewe.

Tukakubaliana ya saba iwe hiyo: ni wachache, na uchache wao usiwe kosa. Hii niliitunga mimi, na sitaki kujisifu, lakini hata Papaa aliziacha elfu kumi zake. Kikombe cha saba kikafudikizwa. Tukabaki tunatazama ubao. Vikombe saba vimejipanga, halafu pengo.

Redio: Ya nane.

Papaa: Ya nane iko wapi?

Wakili: Mbu! Mbu wakimuuma...

Mimi: Hapana.

Hamdani: Anacheza karata vizuri.

Papaa: Hiyo nayo inahusiana na damu?

Hamdani: Nimetafuta, nimekosa.

Redio: Jamani, tunakwama kwenye ya nane tu! Saba zote zimepatikana, ya nane haipo!

"Ndivyo hata daktari alivyosema," sauti ikatoka nyuma yangu.

Alikuwa Taratibu mwenyewe, amemshika dada yake bega, wanakuja polepole wakitokea barabarani. Suruali niliyomshonea mimi, mguu wa kushoto umejaa vizuri, hakuna mshono uliobana. Bibiana alikuwa bado ananukia dagaa, kanga ameifunga kiunoni, uso umechoka lakini una raha ya mtu aliyepata nafasi aliyoitafuta siku nyingi.

Bibiana: Shikamooni wazee wangu.

Sote: Marahaba!

Redio: Bibi yangu, kaa hapa. Kaa! Mwami naye akae. Tumewatafutia fakta. Tumefika saba. Unakosa moja tu.

Bibiana: Fakta za nini, Mzee Adolf?

Redio: Si zile nane? Nilikusikia Kibirizi. "Bila fakta nane, Dismasi hana dawa."

Bibiana akamtazama kaka yake. Taratibu akamtazama yeye. Halafu Bibiana akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akashika nguzo ya kibanda changu mpaka bati likatikisika.

Bibiana: Mzee wangu, si fakta! Ni faktori. Faktori nane. Ndilo jina la dawa!

Redio: Faktori?

Bibiana: Ego, ndiyo! Kitu kilichomo kwenye damu, namba yake nane.

Papaa akamgeukia Redio taratibu sana, kama mtu anayegeuza chapati.

Papaa: Redio, umechapia.

Redio: Kulikuwa na injini! Nimesema tangu mwanzo kulikuwa na injini!

Tungemsulubu Redio pale pale, ila Taratibu alikuwa ameviona vikombe. Akauliza vya nini, Hamdani akamweleza, hadi lile la Wizara ya Maji. Alicheka mpaka machozi. Kisha akainama, mguu ameunyoosha pembeni, akakigusa kikombe cha kwanza kwa kidole.

Taratibu: Lakini mmepatia, wazee. Damu ya kila mtu ina hawa jamaa, wamepewa namba. Ukijikata, mmoja anamwamsha mwenzake. "Amka, kuna tundu!" Naye anamwamsha mwingine. Hawajapangana hivi kwa mstari, ila tuseme. Wanaamshana, wanaamshana, mpaka damu inaganda, tundu linazibwa. Kwangu mimi wanafika hapa.

Akaweka kidole kwenye lile pengo.

Taratibu: Wanabisha hodi. Hodi, hodi. Hakuna mtu. Sindano ya hospitali ndiyo inamleta huyo mtu. Anakaa siku chache, anaondoka, inabidi aletwe mwingine.

Mimi nimemshonea miaka yote hiyo, nimepima goti lile kwa futi yangu likiwa dogo, likiwa kubwa, na sikuwahi kuelewa kama nilivyoelewa kwa vile vikombe vichafu.

Papaa: Na mtoto wa Esther ndiyo hivyo hivyo?

Bibiana: Yule anakosa namba tisa.

Redio: Mnaona! Kumbe zipo mpaka tisa!

Mimi: Redio, nyamaza, nakuomba.

Wakili: Sasa wewe mwenyewe kesho unataka nini kwa mheshimiwa, Taratibu? Useme kwa kifupi, kisheria.

Taratibu: Nataka nikijigonga asubuhi, nichomwe mchana hapa hapa mjini, jioni niwe mezani kwangu natengeneza simu. Basi. Sitaki tena kulazwa mapajani mwa dada kwenye basi kama kifurushi. Baada ya sindano ile ya mwisho niliambiwa niombe Mungu ipatikane nyingine.

Alisema bila kulalamika, sauti ile ile anayokwambia kioo cha simu yako kimekufa. Bibiana akamkazia macho, kisha akatugeukia sisi, na raha yote ikawa imepungua usoni.

Bibiana: Wazee wangu, sikupita hapa kwa bahati. Nimekuja kuwaomba. Kesho tuko familia tatu tu. Esther atashuka na mtoto kutoka Kalinzi kwa pikipiki, kama mvua haitanyesha. Mwalimu Thobias atatoka Mwandiga. Tukikaa watatu kwenye ukumbi mtupu, mbunge ataona ugonjwa wa watu watatu. Atatupa pole, ataondoka. Nataka viti vijae. Nataka aone Buzebazeba imeacha kazi zake imekuja kwa ajili ya damu ya mtu mmoja.

Redio: Umemaliza, mama! Tutakuja!

Papaa: Mimi nafunga duka!

Wakili: Mimi nitafungua kwa utangulizi mfupi...

Redio: Halafu mimi ile ya gasketi, kwa sababu hata kama haikuwa fakta, ni kweli...

Hamdani: Na kahawa isisahaulike!

Bibiana akainua mkono. Kiganja kizima, kama trafiki.

Bibiana: Ndiyo hapo. Mwaka jana tulipopewa nafasi kwa diwani mlikuja, nikafurahi kweli. Mzee Adolf akasimama kuulizia taa za gati. Kaka Yakobo akasimama kumpa Mzee Adolf taarifa. Papaa akaleta ushuru wa vitenge. Baba Diana, wewe ukasimama kuwaambia wakae, ukaongea kuliko wote.

Mimi: Nilikuwa naweka utaratibu!

Bibiana: Uliuweka mpaka diwani akaangalia saa, akasema ahsanteni kwa kero zenu, akaenda zake. Mimi niko mbele, nimeshika mkono wa Dismasi, neno hata moja sijasema. Usiku ule sikulala, wazee wangu. Sikuwa na hasira na diwani.

Hapa kila mtu akatafuta mahali pa kutazama. Nikatazama cherehani yangu, ingawa ilikuwa imefunikwa.

Bibiana: Nawahitaji. Sina watu wengine wa kujaza viti, na hakuna watu wanaompenda Dismasi kama ninyi, hilo nalijua. Kwa hiyo nawauliza swali moja tu. Kesho mnaweza kuja, mkakaa, mkanyamaza dakika kumi?

Papaa alifungua mdomo, akaufunga. Wakili alivuta pumzi, nikaona methali imefika kwenye meno kabisa, akaimeza. Redio aliinua kidole, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Mimi nilikuwa na jibu zuri. Nasema kweli, jibu safi, lenye mwanzo na mwisho. Nikaona nikilitoa tu, nimejibu hapana. Nikaking'ata kidole gumba na kuendelea kukaa. Hamdani alikuwa ameshika vikombe viwili mkononi, ile ya kuvigonganisha, akaviachanisha kimoja kimoja visitoe mlio.

Tulikaa hivyo. Pikipiki ikapita, hatukuitukana kwa vumbi. Bibiana alisubiri. Hakurudia swali, wala sisi hatukujibu.

Akapita Mama Yunisi na ndoo yake ya maji kichwani. Kila jioni anapita pale, na kila jioni tunamchokoza, naye anatujibu mbovu mpaka akate kona. Safari hii akafika, akapunguza mwendo, akasubiri aanzwe. Akasimama kabisa. Akatutazama mmoja mmoja, ndoo inamwagika kidogo kidogo begani, na uso wake ukabadilika.

Mama Yunisi: Jamani! Nani amefariki?

Tukamtazama tu. Wakili alikuwa anatetemeka midomo. Machozi yalikuwa yananilenga, sijui ya kicheko au ya nini. Taratibu akajishusha kwenye ubao wangu, katikati ya Papaa na Redio, akaunyoosha mguu wake mbele, akacheka.

Taratibu: Hakuna aliyefariki, mama. Hawa wananitafutia dawa.